Mzee akisema amechoka, muulize

Katika miaka yangu ya unesi hapa Tanga, kauli iliyoniuma kuliko zote ni "Uzee huo, mwacheni." Babu mmoja wa Ngamiani aliacha kwenda barazani kunywa kahawa, akaacha dawa zake za presha, kisha akampa jirani bao alilochezea tangu ujana. Nyumbani wakasema uzee. Ilikuwa sonona, ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, na sonona hutibika hata kwa mtu wa miaka 80. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2014 kwamba karibu kila upande wa dunia, viwango vya kujiua viko juu zaidi kwa wenye miaka 70 na kuendelea.

Kuweni macho zaidi baada ya arubaini. Matanga yameanuliwa, wageni wamekwenda zao, na mjane amebaki na kitanda kitupu. Maumivu yasiyoisha, macho na masikio kufifia, pombe, kuhamishiwa kwa mtoto Dar ambako hana rika lake, vyote humsogeza pabaya. Aliyewahi kujaribu kujiua yuko hatarini kuliko wote.

Wazee wetu husema "namsubiri Mola" bila nia yoyote mbaya. Mara nyingi huyo bado anauliza kama mjukuu amefaulu, bado analalamikia chumvi ya mchuzi. Anayesema "nimewachosha, bora nisiwepo" simwachi hivihivi. Na hata ukiwa huna hakika, uliza.

Kaeni wawili, wajukuu wasiwepo. "Shikamoo baba. Naona siku hizi umenyong'onyea. Niwie radhi nikuulize: kuna wakati unawaza kujiua?" Litamke waziwazi. Kuuliza hakumpandikizii mtu wazo hilo. Wengi hushusha pumzi, maana wamelibeba peke yao. Akisema ndiyo, usimtajie moto wa jahanamu wala "unakosa nini na watoto unao?" Hapo atafunga mdomo na hutamsikia tena. Msikilize mpaka amalize, kisha muulize kama ameshapanga.

Kama ameshapanga, asiachwe peke yake hata kidogo. Dawa zote zishikwe na mtu mmoja, mzee apewe za siku hiyo tu. Dawa za shamba zitoke nyumbani kabisa. Siku hiyohiyo mpelekeni hospitali ya Bombo hapa Tanga au kituo cha afya kilicho karibu. Upande wa Korogwe ipo pia Lutindi, hospitali ya magonjwa ya akili. Namba 199 ya Wizara ya Afya hupigwa bure.

Akisharudi nyumbani, wiki za mwanzo ndizo za kushika zamu. Mpeni kazi inayohitajika kweli: mvuvi aletewe nyavu zilizochanika, bibi aulizwe nazi zinunuliwe ngapi. Kazi ya kubuni wanaigundua mara moja. Tarehe ya kliniki iandikeni ukutani, pamoja na jina la atakayempeleka.