Joto la bomu la nyuklia: jaketi, viroba na makopo, mambo ya kuzingatia kabla

Najua mtu wa Uyole, huku Mbeya, akisikia bomu la nyuklia anacheka, nani aje atupige sisi na viazi vyetu, sawa, ila wengi tunawaza kishindo na mionzi tunasahau joto. Kama theluthi moja hivi ya nguvu ya bomu inatoka kama mwanga na joto, na huo mwanga unatangulia, yaani umeshaungua ndo unasikia mlio.

Kwahiyo anza na nguo. Hiroshima, Japani, bomu lilipopigwa Agosti 6, 1945, kuna watu ngozi zao ziliungua kwa kufuata maua ya kimono walizovaa, penye rangi nyeusi pakafyonza joto pakachoma, penye nyeupe pakapona pona. Sasa tuangalie sisi, ikifika Juni na baridi yake kila mtu ana jaketi jeusi la nailoni la mtumba toka soko la Mwanjelwa, na nailoni ikishika moto inayeyuka inagandia mwilini, kuibandua ni kuibandua na ngozi. Bora sweta la sufu au pamba nzito, rangi nyepesi, na ndani yake nguo nyingine isiyobana. Yale maovaroli meupe ya plastiki ya kwenye muvi yasikudanganye, kazi yake ni kuzuia vumbi la mionzi lisikushike, moto hayawezi, nyuzi 135 hivi yameshayeyuka, na miale ya gamma, ile mionzi inayopenya sana, inapita kama hujavaa kitu.

Chakula je? Mwaka 1955 Wamarekani walipanga bia na soda za chupa na za kopo jangwani Nevada, nyingine mita 320 tu hivi toka lilipolipuka bomu (hiyo kazi ningeiomba mimi), nyingi zikabaki zinanyweka, ila bia za karibu kabisa ladha iligeuka kidogo. Zilizovunjika ni zaidi za kugongwa na vitu vinavyoruka. Ndo maana mahindi kwenye kiroba siyaamini, kiroba ni plastiki, kwenye nyuzi 160 na kitu kinalegea, weka kwenye pipa la bati lenye mfuniko, mbali na dirisha.

Halafu uwanja. 1953 hukohuko Nevada walijenga vijumba vya mbao wakalipua bomu, chenye majani makavu na takataka uani kiliteketea, kisafi kilichopakwa rangi kikabaki kimesimama. Kwangu maranda ya kuku toka Mafinga yalilundikwa chini ya dirisha la jikoni, Jumamosi nimeyahamisha, limebaki pazia la nailoni na hilo waifu hataki hata kusikia.