Kabla hujapanda nyasi kwenye nyumba mpya: mambo ya kuzingatia kwa sisi wa Mbeya na Iringa

Wengi wetu tukishahamia nyumba mpya husubiri mvua za Novemba ndipo tuanze kufikiria nyasi. Mvua ikipiga mara mbili, viroba vya vipando vinanunuliwa, kijana anaitwa kupanda, na ikifika Januari uwanja mzima ni kishona nguo na bangi mwitu. Kwa hali ya hewa yetu, magugu yanashindwa kiangazi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba mvua hakuna, na hata kama asubuhi ni baridi, jua la mchana linakausha kila mzizi uliofukuliwa. Ukiikosa miezi hiyo, utapalilia mwaka mzima.

Anza mapema zaidi, Aprili au Mei, magugu yakiwa bado mabichi, uyatambue. Yale yanayoota kwa mbegu tu, kama kishona nguo, mchicha pori na bangi mwitu, yasikutishe. Yang'oe kabla hayajatoa maua, basi. Kishona nguo kimoja kikikomaa kinamwaga maelfu ya mbegu, na zinaingia ndani kwako zimeng'ang'ania suruali za watoto.

Wasiwasi wako uuweke kwenye ndago na sangari. Ndago wengi huidhani nyasi. Shika shina lake ulizungushe kati ya vidole viwili: utasikia kona tatu, halizunguki laini kama shina la nyasi. Ukilivuta linakatikia shingoni, unabaki na majani mkononi, na kiazi kinabaki chini. Chimba taratibu ufuate uzi mweusi mwembamba unaotoka kwenye kile kiazi, utakuta kingine, na kingine tena mbele yake. Kila kimoja kinaweza kutoa mche wake. Ndiyo maana anayeng'oa ndago kwa mkono anaiona imerudi baada ya siku chache.

Sangari nayo inatambaa chini kwa mizizi mieupe yenye ncha kali, na kila kipande chenye kifundo kinaota upya. Kwa hiyo kibarua asiikatekate kwa jembe la kawaida. Mpe jembe uma, ainue udongo na kuichambua mizizi ikiwa mirefu. Viazi vya ndago vikiletwa juu vianikwe juani mpaka vikauke kabisa, kisha mrudie kuuchimba uwanja kila baada ya wiki mbili tatu, kiangazi chote. Usiyatupe mabaki kwenye shimo la mboji. Yakaushe juu ya bati kuukuu, ndipo uyachome.

Wa Tukuyu na Rungwe kwa ujumla, kwenu ni tofauti kidogo, maana kiangazi chenu ni kifupi na manyunyu hayaishi. Msitegemee jua, mabaki yote yabebwe kwa toroli yatoke uwanjani siku hiyohiyo.

Angalia pia mafundi wamekuachia nini. Sehemu walipokorogea zege pana tabaka gumu ambalo nyasi haitashika vizuri, na penye nyasi dhaifu ndipo gugu linapokaa. Livunje ulitoe. Udongo wa kujazia ukaulize umechotwa wapi, kwa sababu ukitoka kwenye shamba lenye ndago umenunua ndago kwa lori. Samadi vilevile. Muulize anayekuuzia, “Kaka, hii imekaa muda gani?” Ile mbichi ina mbegu zilizopita tumboni mwa ng'ombe zikiwa hai. Chukua iliyooza hadi imekuwa nyeusi, haina joto wala harufu kali.

Kuhusu dawa, nashauri itumike kidogo na kwa kujua. Glaifoseti huua kila jani bichi inaloligusa, nyasi yako pia, hivyo mahali pake ni kabla ya kupanda, wakati magugu yanakua. Ukiipiga Agosti kwenye majani yaliyokauka umemwaga hela. Dawa za 2,4-D huua magugu ya majani mapana na kuacha nyasi, lakini ndago si jani pana wala si nyasi, kwa hiyo usitarajie itaimaliza. Nunua chupa yenye lakiri na lebo inayoonyesha usajili wa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, usikubali ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Piga asubuhi kabla upepo haujaanza, umwarifu jirani mwenye mboga, na watoto na kuku wabaki ndani.

Nyasi yenyewe? Kikuyu inapenda baridi yetu na ikishika inayabana magugu mengi. Njombe na Makete baridi kali huibabua ikawa ya kahawia, mvua zikianza inachipua. Ila ina uchu: itaingia kwenye maua, kwenye mboga na kwa jirani, kwa hiyo jenga ukingo wa matofali mapema. Kwa Iringa, kwenye mvua chache, mimi ningechagua ukoka. Yoyote utakayochagua, mwaga kiroba chini kabla hujalipa na uchambue vipando. Kiazi kimoja cha ndago kinatosha kukurudisha nyuma.

Mvua za kwanza zikifika, usipande. Acha wiki mbili au tatu mbegu zilizobaki ziote, zipalilie juujuu bila kuchimba udongo wa chini, ndipo upande kwa nafasi ya sentimita 15 hadi 20. Ukipanda Desemba, mizizi itakuwa imeshuka kabla mvua hazijakatika Mei. Na ukianza kukata usikwangue mpaka udongo uonekane. Acha sentimita nne au tano, maana pale jua linapougusa udongo ndipo kishona nguo kinapoota.