Mashine ikizima kati ya Tanga na Pemba

Kutoka Tanga hadi Wete au Mkoani ni kama kilomita 70 za bahari. Msimu wa kusi, upepo utokao kusini, mkondo unakwenda kaskazini na upepo unausaidia, kwa hiyo mashine ya boti ikizima hukai ulipo: unachukuliwa kuelekea Shimoni, upande wa Kenya. Nanga ya chuma haikufai huko kilindini, maana chini ni mamia ya mita. Shika omo kwanza, yaani mbele ya boti ielekee mawimbi; spana baadaye.

Gawa mafuta mafungu matatu: kwenda, kurudi, na akiba isiyoguswa. Kwa mashine ya kuchanganya oili, kipimo cha kawaida cha 50 kwa 1 ni mililita 400 kwa lita 20 za petroli. Ukipunja oili pistoni inaungua; ukizidisha, plagi inachafuka. Petroli ya madumu itie kidogo kwenye chupa inayoonyesha ndani na uiache itulie: kama ina maji, utayaona yamekaa chini. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitahadharisha upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, lala pwani. Siku nyingine ondoka alfajiri, kabla upepo wa mchana haujakaza.

Pabaya pa kwanza ni mlangoni mwa ghuba ya Tanga, upande wa kisiwa cha Ulenge. Maji makubwa ya bamvua yakitoka huku kusi inaingia, mawimbi husimama wima na kufuatana karibu karibu. Ngoja maji yatulie. Huko nje usilipe wimbi ubavu. Lipande kwa mshazari, punguza moto kabla ya kileleni ili boti isidondoke kwa kishindo, kisha ongeza ukifika bondeni. Mawimbi yakija kwa nyuma, kaa mgongoni mwa wimbi lililotangulia. Ukiliteremka kwa kasi, omo huchimba, tezi (nyuma ya boti) huzunguka na boti hulala.

Mashine ikinyamaza, tupa nanga ya kuelea: ndoo ngumu ya lita 20, au tanga kuukuu lililofungwa kwenye mti na kutiwa uzito upande wa chini. Ifunge omo kwa kamba ya mita 40 au 50, na pale kamba inaposugua zungushia gunia. Ikiwa inakaza kwa mishtuko, iongeze urefu. Mmoja ashike upo, chombo cha kukumbia, na kukumba maji mfululizo, maana boti yenye ngama nyingi, yaani maji ya ndani, haigeuki wala hainyanyuki.

Sasa mashine. Wengi hukimbilia plagi, pengine kwa kuwa inaonekana kazi ya fundi. Anza na kamba ya kuzimia, ile ambayo ikichomoka mashine huzima; huenda imechomoka. Halafu tazama kitundu cha hewa kwenye kizibo cha tangi. Kikiwa kimefungwa, mashine hunguruma dakika kadhaa, inakosa mafuta, inakufa; ukikifungua utasikia tangi likivuta pumzi. Minya mpira wa mafuta, ule wa kusukumia ulio kwenye paipu ya tangi. Usipokuwa mgumu, tangi ni tupu au paipu inavuta hewa kwenye kiungo. Ukiwa mgumu, mafuta yanafika: mwaga maji ya kwenye chujio, ndipo ufungue plagi.

Mchirizi wa maji ya kupozea ukikatika, zima papo hapo. Inua mashine, ondoa mfuko wa plastiki au mwani kwenye matundu ya kuvutia maji, na zibua kitundu cha mchirizi kwa waya mwembamba. Usipotoka tena, impela, kile kipanga cha mpira kinachosukuma maji, imekwisha. Ukilazimisha utaunguza mashine.

Mashine ikinguruma na boti haiendi, kwa zile ndogo pini ya propela imekatika. Kwa kubwa, mpira wa ndani ya propela umeachia, na mwendo wa polepole huweza kukufikisha.

Nusu saa ikipita bila kuwaka, acha kubishana nayo, jua likiwa bado juu. Ita kwa redio, chaneli 16: taja mahali ulipo, idadi ya watu na kinachokusumbua. Kisha tweka tanga dogo uelekee kaskazini magharibi, ukitafuta bara. Pemba kwa siku hiyo isahau.