Kuwania Urais Kenya: Hesabu za Kupigwa Kabla ya Kuchukua Fomu

Uchaguzi mkuu ujao ni Jumanne, Agosti 10, 2027. Anayetaka jina lake liwe kwenye karatasi ya kura ya urais aanze maandalizi angalau miezi 18 kabla, na asianze na kaulimbiu wala rangi ya shati. Aanze nyumbani kwake.

Chukua daftari uandike unawania nini hasa. Wapo wanaowania ili washinde. Wapo wanaowania ili jina lizoeleke, wajaribu tena baada ya miaka mitano. Wapo wanaotaka tu kuitwa kwenye mazungumzo kura zikishahesabiwa. Kila nia ina bajeti yake na urefu wake. Mwai Kibaki alishindwa 1992 na 1997, akashinda 2002. Raila Odinga aliwania mara tano, kuanzia 1997 hadi 2022, bila kuwa rais. Ukijidanganya kuhusu nia yako, utauza shamba kwa kampeni ambayo ingetoshwa na pikapu moja yenye spika. Na kama uko katika kundi la tatu, waambie wanaokuchangia. Kuna mama mboga wa Marikiti atakayekutumia shilingi mia mbili za faida ya siku nzima, na ana haki ya kujua anachangia nini.

Mkataba wa nyumbani

Keti na mwenzi wako na watoto wakubwa, mkubaliane kwa maandishi: kiasi cha juu kabisa cha pesa za familia kitakachotumika, mali isiyoguswa, na siku moja ya wiki ambayo ni ya nyumbani. Karo ya watoto ilipwe mapema hadi mwisho wa mwaka wa uchaguzi. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 hairuhusu nyumba ya familia kuwekwa rehani bila idhini ya mwenzi. Akisita, chukulia kusita huko kama jibu lake. Usimtume pasta wala mzee wa ukoo aje kumlainisha.

Kikomo cha pesa huvunjwa wiki tatu za mwisho, wakati kila mshauri anakwambia mmebakisha kidogo tu. Ndiyo maana haifai akaunti ya kampeni iwe mkononi mwako peke yako. Ifunguliwe mbali na akaunti ya familia, iwe na saini mbili, na moja iwe ya mtu anayeweza kukukatalia bila kuogopa kufukuzwa kazi.

Lango la nyumba yako nalo litakula pesa kuliko mabango. Saa kumi na moja alfajiri watakuwepo watu wenye kadi za mchango wa mazishi, barua za karo na bili za hospitali. Shida zao ni za kweli, ila huwezi kuzimaliza. Weka siku moja kwa wiki, kiasi kimoja kisichobadilika, na mtu mmoja wa kuwasikiliza. Jibu la “hapana” litolewe siku hiyo hiyo. Anayeambiwa “rudi kesho” mara nne huondoka na uchungu kuliko aliyenyimwa mara moja.

Saini 48,000

Katiba inadai uwe raia wa kuzaliwa, na Sheria ya Uchaguzi inadai shahada ya chuo kikuu kinachotambulika. Afisa wa umma anayewania hujiuzulu miezi sita kabla. Mgombea huru asiwe mwanachama wa chama chochote kwa miezi mitatu kabla ya uchaguzi. Hakiki jina lako kwenye eCitizen hata kama hujawahi kujiunga na chama, kwa sababu wengi wamejikuta wamesajiliwa bila kujua.

Kinachoangusha wengi ni saini: wapiga kura wasiopungua 2,000 katika kila kaunti, kwenye kaunti zaidi ya nusu ya zile 47, yaani angalau 24. Usilenge 24. Lenga kaunti 30, na saini 2,600 kila moja, kwa sababu nyingi zitakataliwa. Ukiweka saini 20 kwa ukurasa, hizo ni kurasa 130 kwa kaunti.

Hebu tazama meza ya saini pale soko la Gikomba, Nairobi, saa sita mchana. Mtu ana mzigo wa mitumba begani, anaandika namba ya kitambulisho kutoka kichwani, tarakimu mbili zinabadilishana nafasi. Anayemfuata alijiandikisha kupiga kura Makueni, si Nairobi. Wa tatu alitia saini jana kwenye meza ya Muthurwa. Wa nne amemwandikia mumewe aliyeko kazini, kwa mwandiko ule ule. Saini zote nne zimeharibika. Kwa hiyo karani ndiye anayenakili namba kutoka kwenye kitambulisho chenyewe, anauliza “ulijiandikisha wapi?” kabla ya kutoa kalamu, na jioni majina yanaingizwa kwenye jedwali la kompyuta ili yanayojirudia yaonekane mapema.

Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, iliitisha pia nakala za vitambulisho vya waliotia saini, suala lililofika mahakamani. Soma notisi ya mwaka wako mapema. Nakala 48,000 kwa shilingi tano kila moja ni shilingi 240,000. Ada ya uteuzi yenyewe mwaka huo ilikuwa 200,000, na nusu yake kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Waliofika kwenye karatasi ya kura walikuwa wanne.

Mwili

Kabla ya kutangaza, pimwa presha, sukari, moyo na koo. Ukimezea maumivu ya mgongo vidonge kama diklofenaki kila siku na una presha, unaipandisha zaidi. Sauti ikikauka, nyamaza. Usinong'one, kunong'ona huchosha koo. Ikipita wiki tatu haijarudi, muone daktari. Chai ni mtego pia: mikutano sita, vikombe sita, vijiko vitatu kila kikombe, ni vijiko 18 vya sukari kwa siku, na kukataa kikombe cha mwenyeji ni aibu. Mtangulize mtu aombe yako iwe strungi, chai isiyo na maziwa, bila sukari.

Usisafiri usiku kwa barabara. Desemba 2002, wiki chache kabla ya kura, gari la Kibaki lilipata ajali akirudi Nairobi kutoka kampeni. Alitibiwa London huku wenzake wakiendeleza mikutano, na tarehe 30 aliapishwa Uhuru Park akiwa kwenye kiti cha magurudumu. Muungano wake ulikuwa na watu wa kuibeba kampeni bila yeye. Jiulize wako ni nani, na mgombea mwenza achaguliwe kwa swali hilo hilo.

Matusi ya mitandaoni asiyasome mgombea wala watoto wake. Mpe kazi hiyo mtu mmoja akuletee vitisho tu, na vitisho vipelekwe polisi.

Kura na baadaye

Ushindi wa duru ya kwanza ni zaidi ya nusu ya kura zote, pamoja na angalau asilimia 25 katika kaunti zaidi ya nusu. Mwaka 2022 kulikuwa na vituo 46,229. Ukimlipa wakala mmoja kwa kila kituo shilingi 1,000 tu, ni milioni 46. Tenga pesa hizo mwanzoni zisiguswe, kwa sababu wakala asiyelipwa huondoka saa mbili usiku, kabla ya Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, kujazwa. Ukitaka kupinga matokeo una siku 7 tu za kwenda Mahakama ya Juu, na mahakama ina siku 14 za kuamua. Mwaka 2017 ilifuta matokeo na kampeni zikarudi hadi Oktoba 26, kwa hiyo mwili na mfuko viwe na akiba ya miezi miwili zaidi.

Ukishindwa, lipa kwanza madereva, walinzi na kodi ya ofisi. Wenye mabango wanaweza kungoja mwezi. Simu ya kampeni mkabidhi mweka hazina, wewe ubaki na ile ambayo mama yako na watoto wanaijua namba yake.