Kabla ya Kumtajia Daktari Saizi ya Matiti

Mdogo wangu alipoamua kuongeza matiti, alinijia hapa Malindi na picha kwenye simu: "Dada, nataka kama haya." Mimi ni fundi cherehani, nikatoa futi kamba. Kinachoamua ni upana wa titi lako mwenyewe, kuanzia karibu na mfupa wa kifua hadi upande wa kwapa. Titi la sentimita 12 ukilitia kipandikizi (kile kifuko kinachowekwa ndani ya titi kulikuza) cha sentimita 14, kitabanana na mwenzake katikati au kichomoze kwapani. Picha ya mtu haikuonyeshi kifua chake kina upana gani.

Halafu ngozi. Daktari makini hubana nyama ya sehemu ya juu ya titi kwa vidole. Ikiwa haifiki sentimita 2, kingo na mikunjo huweza kuonekana, na mara nyingi hushauri kipandikizi kiwekwe chini ya msuli.

Usiombe saizi ya sidiria, kwani vipandikizi hupimwa kwa mililita. Jaribu nyumbani: mimina mchele mililita 300 katika kila soksi ya nailoni, zifunge, zitie ndani ya sidiria, uvae dera ufanye kazi zako. Mdogo wangu alifagia ua, akainama kufua. Kufika adhuhuri mikanda ilikuwa imemchora mabega, akaomba mwenyewe tupunguze hadi 250. Na mchele ni mwepesi kuliko silikoni! Kikubwa mno huivuta ngozi na kuipunguza unene mwaka baada ya mwaka, hadi urudi kupasuliwa.

Hakikisha daktari na hospitali wamesajiliwa na baraza la madaktari, KMPDC. Uliza kama ganda la kipandikizi ni laini au la kukwaruza. La kukwaruza limehusishwa na saratani adimu ya limfu, na mwaka 2019 kampuni ya vipandikizi ya Allergan iliyaondoa ya kwake sokoni. Sigara na shisha acha wiki kadhaa kabla. Weka pia akiba, maana vipandikizi si vya maisha: vya silikoni hushauriwa kupigwa picha ya MRI au ultrasaundi baada ya miaka 5 hadi 6, kisha kila miaka 2 au 3.

Ukipasuliwa Mombasa, usikimbilie matatu ya Malindi kesho yake. Sisi tulifikia kwa shangazi Kisauni mpaka daktari alipokikagua kidonda.