Namna ya Kumiliki Gari Lisilo na Wateja Wengi Mombasa Bila Kuumizwa na Bei ya Kuliuza

Anayeuza Toyota Probox mjini Mombasa kazi yake kubwa ni kuchagua mnunuzi. Mwenye Renault, Volvo, Chevrolet au Peugeot huweza kukaa na tangazo lake kwa miezi, hata gari likiwa zima kabisa, na kila anayempigia simu humuuliza spea zinapatikana wapi kabla hajauliza hali ya injini. Swali hilo ndilo linaloamua bei. Gari la aina isiyo na wateja wengi linaweza kuwa zuri kuliko majirani zake barabarani, lakini mnunuzi huifikiria siku litakapoharibika, na hofu ya siku hiyo huikata bei kabla hajafika kulitazama. Kwa hiyo anayetaka kumiliki gari la namna hii bila kuumia inampasa alinunue baada ya wengine kubeba sehemu kubwa ya hasara, kisha kwa muda wote atakaokaa nalo akusanye ushahidi wa kuiondoa hofu hiyo.

Inafaa kwanza kuelewa jinsi thamani inavyoshuka. Mamlaka ya Mapato ya Kenya, inapokadiria ushuru wa gari la mtumba, hupunguza thamani kwa kufuata umri, na asilimia inayopunguzwa ni ileile kwa magari yote ya umri mmoja, liwe ni la aina inayogombaniwa au isiyoulizwa na mtu. Soko halifuati jedwali hilo. Gari lenye wateja wengi hushuka polepole, mwaka baada ya mwaka, ilhali lenye wateja wachache huporomoka mapema na baadaye hufika mahali likatulia, kwa kuwa bei imekuwa ndogo kiasi cha kumshawishi hata aliyekuwa akisita. Anayelinunua likiwa jipya, au punde tu baada ya kushushwa bandarini Kilindini, ndiye anayelipia mporomoko huo. Anayelinunua likiwa limekwisha kutumika nchini kwa miaka kadhaa hulikuta penye utulivu.

Hapo ndipo hesabu ya asilimia inapowapotosha watu. Tuchukue mfano wa kubuni: mmoja ananunua gari linalopendwa kwa shilingi 1,500,000 na baada ya miaka 5 analiuza kwa 1,050,000, mwenzake ananunua gari la umri uleule, la aina isiyopendwa, kwa 900,000, naye analiuza kwa 450,000. Wa kwanza amepoteza asilimia 30 na wa pili asilimia 50, na kijiweni watamhurumia huyu wa pili. Ukihesabu shilingi, kila mmoja amepoteza 450,000, na huyu anayehurumiwa alibaki na 600,000 nyingine mkononi kwa miaka yote hiyo. Hesabu yake itaharibika tu ikiwa spea zilimgharimu zaidi, au ikiwa wakati wa kuuza alikuwa na haraka. Mambo hayo mawili yanaweza kupangwa mapema, na hayo ndiyo ningependa kuyakazia.

Kabla ya kutoa pesa, tafuta kwanza kujua chini ya nembo hiyo kuna gari la nani. Viwanda huuziana na kushirikiana magari kuliko wanunuzi wengi wanavyodhani. Subaru Trezia ni Toyota Ractis iliyobadilishwa uso na nembo. Daihatsu Boon ni pacha wa Toyota Passo, na Daihatsu yenyewe imekuwa mali ya Toyota kwa asilimia mia tangu 2016. Mazda Familia ya mizigo kwa miaka mingi ilikuwa Nissan AD, na tangu 2018 inatokana na Probox. Gari la namna hii ndilo ningemshauri mtu alitafute kwanza, kwa sababu soko hulipunguzia bei kwa jina tu, huku mfumo wa chini, giaboksi na sehemu kubwa ya injini vikipatikana katika duka lolote la spea. Angalia tu vile vilivyo vyake peke yake, yaani taa, bampa, grili na pengine milango, kwa kuwa hivyo pacha wake hawezi kukusaidia, na ajali ndogo kwenye mzunguko wa Nyali inaweza kukuacha ukisubiri taa moja kwa wiki kadhaa.

Kama gari halina pacha, lipime kwa spea zenyewe. Andika namba ya chesisi pamoja na msimbo wa injini, kisha uende madukani kabla ya kununua, ukaulize bei na upatikanaji wa vitu vinavyochakaa kwa kawaida: brekipedi, shokabzoba, bushi, pampu ya maji, radieta, chujio, na oili halisi inayotakiwa na giaboksi yake. Usikubali jibu la "zipo". Omba kushikishwa, au utajiwe bei na siku itakayofika kutoka Nairobi au kutoka Dubai. Kitu kimoja kati ya hivyo kikiwa hakipatikani kwa namna yoyote isipokuwa kuagizwa Ulaya, chukua bei yake pamoja na ya usafirishaji, uitoe kwenye bei unayoombwa. Muuzaji anayelijua gari lake atakuelewa.

Halafu mtafute fundi, na afadhali umpate kabla ya gari. Mombasa ina mafundi hodari, kuanzia gereji za Changamwe hadi za kisiwani, lakini wengi wao mikono imezoea magari ya Japani, na gari la Ulaya huhitaji mashine ya kusoma kompyuta yake pamoja na mtu anayeelewa kinachosomwa. Gari lenye giaboksi ya klachi mbili, kama zilivyo Volkswagen na Audi nyingi, likiangukia kwa mtu anayelishughulikia kama otomatiki ya kawaida, litaharibiwa na matengenezo yenyewe. Muulize fundi ni magari mangapi ya aina hiyo anayoyahudumia sasa, na uombe kuongea na mwenye mojawapo. Asiyeweza kukutajia hata mmoja atajifunzia kwenye gari lako.

Historia inaonyesha uzito wa jambo hili. Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 na tena 1978, na nchini Kenya ilibeba abiria wa masafa marefu kwa miaka mingi, kwa hiyo fundi wa mji wowote aliifahamu na spea zake zilikuwa kila mahali. Leo Peugeot ni miongoni mwa magari yanayochukua muda kuuzika. Nembo ni ileile. Kilichotoweka ni wingi wa watu wanaolijua gari. Vivyo hivyo General Motors ilipouza hisa zake kwa Isuzu mwaka 2017, na kampuni ya hapa ikawa Isuzu East Africa, waliokuwa na Chevrolet ndogo walibaki na magari ambayo jina lake halikuwa tena na duka la magari mapya. Kabla ya kununua, uliza kama aina unayoitaka bado ina wakala nchini, na kama dalili zote zinaonyesha anaondoka, subiri bei ishuke au uache kabisa.

Pwani yetu ina adui wake, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari Nyali, Bamburi, Mtwapa na Diani hula chuma mchana na usiku, na gari linalolazwa nje karibu na ufuo huonyesha kutu haraka kuliko la Nairobi. Magari yaliyotoka Uingereza yana hatari zaidi, kwa kuwa barabara za huko hunyunyiziwa chumvi wakati wa baridi, hivyo huweza kuingia Mombasa kutu ikiwa imekwisha kuanza chini kwa chini. Usiridhike na rangi inayong'aa. Omba gari linyanyuliwe, upitishe kidole kwenye ukingo wa chini wa milango pale bati mbili zinapokutana, ubonyeze kwa bisibisi bila kutumia nguvu nyingi, kisha umulike tochi mabomba ya breki yanayoelekea nyuma na pale springi zinapokalia. Rangi nyeusi nzito iliyopakwa juzi chini ya gari zima ni sababu ya kukagua zaidi, kwa maana huenda imefunika kitu. Gari la Toyota lenye kutu kidogo hupata mtu. La aina adimu lenye kutu hukosa, kwa sababu hakuna gari lingine la kung'olewa bati zake. Ukishalinunua, lioshwe chini kwa maji yasiyo na chumvi mara kwa mara, hasa ukivuka feri ya Likoni kila siku, na lilazwe chini ya paa ikiwezekana.

Kipindi cha kumiliki ndicho watu hukipuuza zaidi. Fungua faili siku ya kwanza. Weka humo kila risiti ya spea yenye namba ya spea, tarehe na kilomita zilizosomwa, pamoja na karatasi ya mnada wa Japani, inayoeleza hali ya gari lilipouzwa huko, kama ulikabidhiwa, na ripoti za ukaguzi. Andika pia jina la duka lililokuuzia kila kitu kigumu kupatikana, kwa kuwa orodha hiyo ya maduka ndiyo jibu kamili la lile swali la mnunuzi. Kitu kidogo ambacho ni adimu, kama taa ya nyuma au kioo cha pembeni, ukikiona kwa bei nzuri kinunue ukiweke. Siku ya kuuza kitahesabiwa. Wala usipitishe msimu wa joto na kiyoyozi kibovu, kwa kuwa mnunuzi wa Mombasa hukiwasha kabla hata ya kusogeza gari, na kikipuliza hewa ya moto mazungumzo ya bei huwa yamekwisha kuharibika.

Bima nayo inataka uangalifu. Mwenye bima kubwa, ile inayofidia hata gari lake mwenyewe, hulipia kwa kufuata thamani iliyoandikwa, lakini gari likiharibika kabisa kampuni huangalia bei ya soko ya siku hiyo. Gari la aina hii likiwa limeandikwa shilingi 300,000 zaidi ya thamani yake ya kweli, na malipo yakiwa asilimia 4, unatoa 12,000 kila mwaka kwa fidia ambayo hutaipata. Lipeleke kwa mthamini kila unapohuisha bima. Tahadhari hiyohiyo inamhusu anayetaka kulitumia gari kama dhamana ya mkopo, kwa sababu mkopeshaji hutazama bei ambayo linaweza kuuzika kwa haraka, na kwa gari lenye wateja wachache bei hiyo huwa ndogo sana.

Unapofika wakati wa kuuza, jipe muda. Anza miezi 3 au 4 kabla ya kuhitaji pesa, kwa kuwa dalali hutambua haraka ya muuzaji kwa kumsikia tu kwenye simu. Iangalie pia kalenda: Kenya hairuhusu gari la mtumba lenye zaidi ya miaka 8, na kila Januari mwaka wa chini kabisa husogea mbele, kiasi kwamba kwa 2026 yanaingia ya 2019 na kuendelea. Iwapo magari ya toleo lako bado yanaingia, mnunuzi wa Mombasa anaweza kuyaona kwenye yadi yakiwa na namba mpya, nawe huna budi kuuza kwa bei iliyo chini yake waziwazi. Katika tangazo taja mwaka wa kutengenezwa na herufi za namba ya usajili, maana namba hiyo huonyesha lini gari lilisajiliwa Kenya tu. Namba za KDA zilianza kutolewa 2020, hata kwa gari lililotengenezwa 2013.

Usiliache gari yadi ukidhani mpita njia atalipenda, kwani huko litasimama kati ya magari yanayouzika haraka kama Axio na Demio na litasahaulika. Mtu wako ni yule ambaye tayari ana gari kama hilo, au amewahi kuwa nalo. Yumo kwenye kundi la WhatsApp au Facebook la wenye magari ya aina hiyo, au ni mteja wa fundi wako, na mara nyingi yuko Nairobi, ambako wapenzi wa magari adimu ni wengi zaidi. Mpelekee picha za faili lote na video ya injini ikiwashwa ikiwa baridi, picha za chini ya gari, na bei inayoeleza wazi kasoro zilizopo. Akiwa tayari, kubalianeni anayelipia mafuta ya kilomita takriban 480 za kulifikisha.

Malipo yapitie benki, nanyi mfanye uhamisho wa umiliki wa NTSA, mamlaka inayosajili magari, kupitia eCitizen mkiwa pamoja, wewe ukianzisha na yeye akikubali kwenye akaunti yake, kabla hujampa ufunguo wa pili na faili. Gari linaloendelea kusoma jina lako baada ya kuuzwa litakuletea faini na kesi zisizo zako, na mnunuzi wa aina adimu, ambaye pengine analipeleka mbali nawe, ni vigumu kumpata tena.