Fowili haishiki: kagua kutoka leva hadi tairi kabla hujafungua kitu

Gari likiletwa kwangu na malalamiko kwamba "fowili haishiki", yaani tairi zote nne hazivuti pamoja, mara nyingi mwenyewe ameshaamua ugonjwa: transfa (boksi la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma) imekufa. Ukipima, transfa ni nzima. Kilichokufa ni kipaipu cha mpira chembamba kama kalamu, au swichi, au habu (kifungio kinachounganisha tairi ya mbele na ekseli) iliyokauka kwa sababu haijafungwa wala kufunguliwa kwa miaka. Kushusha transfa ni kazi ya siku nzima. Kupima ni kazi ya saa moja, na ndiyo tutakayoanza nayo.

Ninazungumzia fowili ya muda, yaani gari ambalo siku zote linasukumwa na tairi za nyuma, na za mbele unaziita mwenyewe kwa leva, kitufe au swichi ya kuzungusha. Mwenye fowili ya kudumu naye atapata ya kumfaa, ila kuna mahali nitamsimamisha.

Hatua ya 1: Lifunge gari lisitembee

Usiruke hapa. Gari la fowili lina njia zake za kuanguka kutoka kwenye jeki ambazo gari dogo halina.

Egesha mahali tambarare na pagumu, weka kabari mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini, na usiingize hata mkono chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Tumia stendi. Breki ya mkono nayo usiiamini hivi hivi. Kwenye Land Rover Defender za zamani, kwa mfano, breki hiyo haishiki tairi, inashika shafti inayotoka nyuma ya transfa. Ukiinua tairi moja ya nyuma, difu (gia zinazogawa nguvu kati ya tairi mbili za ekseli) inairuhusu ile ya juu izunguke na ya chini ibingirike, na gari linaondoka huku breki umeivuta mpaka mwisho. Kwenye gia otomatiki kuna mtego mwingine: ukiacha transfa kwenye N (huru), ile P (ya kuegesha) ya gia boksi haishiki chochote, maana kati yake na tairi pamekatika.

Sasa wewe wa fowili ya kudumu: usiwashe injini na kuingiza gia huku umeinua baadhi ya tairi tu. Difu ya katikati ikiwa imefungwa, zilizo chini zitavuta, nawe uko chini ya gari.

Hatua ya 2: Jaribu kwenye udongo, si kwenye lami

Tafuta changarawe au mchanga. Ingiza 4H (fowili ya mwendo wa kawaida), funga habu kama ni zile za kuzungusha kwa mkono ziwe kwenye LOCK, kata usukani hadi mwisho na utembee polepole sana. Fowili iliyoshika utaijua: usukani unakuwa mzito, gari linakataa kukunja, tairi za mbele zinachimba na kusukuma udongo pembeni. Kama gari linakunja kwa ulaini uleule wa 2H (tairi za nyuma tu), basi kweli haijashika.

Kwa nini udongo? Gari likikata kona, tairi za mbele zinapita njia ndefu kuliko za nyuma. Fowili ya muda inafunga shafti ya mbele na ya nyuma zizunguke sawasawa, hazina pa kupishana. Kwenye udongo tairi inateleza kidogo na ubishi unaisha. Kwenye lami kavu haina pa kutelezea, hivyo nguvu inajikunja ndani ya shafti na gia kama kamba iliyosokotwa.

Ndiyo maana wengine huja wakisema leva imekwama haitoki 4H. Haijakwama, imebanwa na huo msokoto. Rudi nyuma mita chache kwa mstari ulionyooka, halafu uvute leva tena. Mara nyingi inatoka yenyewe. Ikirudia kubanwa hata ukiendesha kwenye udongo, pima mzunguko wa tairi zote kwa futi ya kamba. Tairi mbili mpya nyuma na mbili zilizolika mbele zinatosha kulitesa gari zima.

Hatua ya 3: Tafuta mahali nguvu inapokatikia

Hapa ndipo penye kazi yenyewe. Inua ekseli ya mbele, tairi zote mbili ziwe hewani, gari likae juu ya stendi. Kabari nyuma. Injini izimwe, gia boksi ya kawaida iwe kwenye gia ya kwanza. Omba mwenzako akae upande wa pili.

Weka transfa kwenye 4H, halafu ingia chini ushike propela ya mbele (shafti ndefu inayotoka transfa kwenda ekseli ya mbele) na ujaribu kuizungusha kwa mkono. Inatakiwa ikatae. Kucheza kidogo tu ni kawaida. Ikizunguka bila kizuizi, tatizo liko kwenye transfa au kwenye kinachoiamuru: leva, waya, mota yake. Kama ni fowili ya kitufe, kumbuka mota haisogei swichi ya funguo ikiwa imezimwa, kwa hiyo washa swichi ya funguo, bonyeza kitufe cha fowili, na usikilize. Ukisikia mlio wa mota halafu kimya, umeme unafika. Usiposikia kitu, anza na fyuzi, kisha plagi ya waya iliyo juu ya transfa (hiyo hula maji na matope kila siku), kisha waya wa ethi. Taa ya 4H inayowaka na kuzima bila kutulia inamaanisha gari limeomba fowili lakini halijapata jibu kwamba imeingia. Jibu hilo linatoka kwenye kiswichi kidogo kilichofungwa kwenye transfa au ekseli, na kiswichi hicho kinaweza kuharibika huku fowili yenyewe ikifanya kazi vizuri.

Propela ikikataa kuzunguka, transfa umeisafisha jina. Nenda kwenye tairi. Zungusha ya kushoto: ya kulia itazunguka kinyume. Huo si ugonjwa, ndiyo kazi ya difu, na nimeona difu nzima ikifunguliwa kwa sababu ya jambo hilo. Sasa mwenzako aishike ya kulia kwa nguvu, wewe uzungushe ya kushoto. Kila kitu kikiwa kimeshika, haiendi. Ikienda, kuna upande mmoja uliokatika, na mkono wako utakuambia ni upi: tairi ambayo habu yake haikushika inazunguka nyepesi kama ya mkokoteni, unasikia breki tu ikikwaruza. Iliyoshika unaisikia ikivuta gia na oili nzito huko ndani.

Gari nyingine hazina habu za kufunga. Mitsubishi Pajero nyingi, kwa mfano, zina kikono kwenye ekseli ya mbele kinachosukumwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye injini. Washa injini, chomoa paipu kwenye kikono, ziba mdomo wake kwa kidole huku mwenzako akiingiza na kutoa fowili. Usiposikia kidole kikinyonywa, fuata paipu hiyo nyuma sentimita kwa sentimita. Hupasuka zaidi pale inapopita karibu na joto au inapokunjwa kwenye kona. Kata kipande kibovu, unganisha kipya, umemaliza.

Hatua ya 4: Habu

Kama habu ndiyo haishiki, ifungue: bolti kadhaa za kifuniko, ringi ya kubana, na inatoka. Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, kausha, angalia springi na meno. Kosa la wengi ni kurudisha habu ikiwa imejazwa girisi pomoni. Girisi nzito inazuia kipete cha ndani kuteleza, na habu inakataa kushika hasa kukiwa na baridi. Paka nyembamba tu. Girisi nyingi ni ya beringi zilizo nyuma yake.

Hatua ya 5: Oili

Oili ipo sehemu tatu mbali na injini na gia boksi: difu ya mbele, difu ya nyuma, transfa. Pasha gari moto kidogo kwa kuliendesha, kisha fungua nati ya kujazia KABLA ya nati ya kumwagia. Mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimwaga difu ya mbele yote, nikageukia nati ya kujazia, nayo kona zake zote zikalika bila kusogea. Gari la mtu likabaki kavu juu ya stendi. Iliniokoa nati kubwa niliyoichomelea juu yake. Joto la kuchomelea ndilo lililoilegeza, jioni ikiwa imekwisha.

Nati ya kumwagia mara nyingi ina sumaku. Tope la kijivu laini kama dawa ya meno ni ulikaji wa kawaida. Vipande vinavyochoma kidole, au kipande chenye umbo la jino, hivyo vinakuambia ufungue difu. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingia maji.

Maji yanaingiaje kwenye difu iliyofungwa? Kila difu ina tundu la kupumulia juu yake, lenye kifuniko kidogo au kipaipu kinachopanda juu. Difu iliyopata moto ikitumbukia kwenye maji baridi, hewa ya ndani inasinyaa na kutafuta ya kujazia. Tundu likiwa limezibwa na matope, difu inanyonya maji kupitia kwenye sili (mpira unaozuia oili isivuje). Na likiwa limezibwa siku ya joto, presha inasukuma oili nje kupitia sili zilezile. Kwa hiyo ukiona sili inavuja, safisha tundu kwanza. Ukibadilisha sili peke yake utairudia. Ukiwa unavuka mito mara kwa mara, ongeza paipu ndefu upandishe tundu hadi karibu na injini.

Difu nyingi zinatumia oili ya GL-5, kama 80W-90. Difu ya kujifunga kwa sahani inataka oili iliyoandikwa kwamba ni ya LSD, la sivyo itatetemeka kwenye kona. Usichukue GL-5 ukaimimina kwenye gia boksi inayotaka GL-4, kwani baadhi yake zinakula ringi za shaba za ndani. Transfa za mnyororo nyingi zinataka oili ileile ya gia otomatiki. Kitabu cha gari ndicho hakimu hapa. Jaza mpaka oili ianze kuchuruzika kwenye tundu la kujazia gari likiwa sawa, basi. Na ukikuta gia boksi imepungua huku transfa imezidi, hakuna uchawi: sili iliyo kati yao imekufa, moja inamlisha mwenzake.

Hatua ya 6: Propela

Piga girisi kila krosi (jointi ya msalaba kwenye ncha ya propela) mpaka ya zamani itoke kwenye vikombe vyote vinne. Kikombe kimoja kisipotoa, krosi hiyo inafia upande huo. Unga mwekundu wa kutu pembeni ya kikombe maana yake imeshakauka, na mlio wa ndege mchanga ukitembea polepole ni huohuo. Sehemu ya propela inayoteleza kuingia na kutoka usiishindilie. Girisi ikijaa inakosa pa kwenda, propela haifupiki tena, na beringi za transfa ndizo zinazopigwa. Kabla hujaishusha propela, piga alama ya rangi kwenye flanji zote mbili na uirudishe alama kwa alama, maana ikigeuzwa inaweza kuanza kutetemeka.

Hatua ya 7: Beringi na mzunguko wa usukani

Tairi ikiwa juu, ishike juu na chini uitikise. Ikicheza, mwenzako akanyage breki. Mchezo ukiisha ni beringi. Ukibaki, ni kingi pini au boli jointi, viungo ambavyo tairi inageukia. Ikicheza kushoto na kulia tu, angalia tairodi (fimbo ya usukani inayogeuza tairi).

Kwenye ekseli nzima kama ya Land Cruiser za 70, futa lile duara la chuma nyuma ya tairi na uangalie kinachovuja. Girisi nyeusi nzito kidogo ni ya kawaida. Kikiwa uji mwepesi unaonuka oili ya difu, sili ya ndani ya ekseli imekwisha, na girisi ya jointi inaoshwa huku difu ikikauka. Jointi ikishaanza kugonga ta-ta-ta unapokata kona ukiwa kwenye 4H, uji huo umekuwepo muda mrefu.

Kaza nati ya beringi huku ukizungusha tairi ili roli zikae mahali pake, ilegeze, kisha ikaze kwa kipimo cha kitabu na ukunje washa ya kufungia. Endesha kilomita kama kumi bila kubana breki sana, simama, na usogeze kiganja karibu na kila habu. Iliyo na moto kuliko mwenzake uliikaza mno. Ifungue uirudishe nyuma kidogo leoleo, kabla ya safari.